Gari la Kuchinja: Toka Austin 7 Mpaka Mazda Yangu

Wiki mbili hizi simu yangu haijapoa. Picha niliyotuma kwenye grupu la ukoo, ile ya Mazda nyekundu iliyovuliwa milango, imezua mjadala kuliko hata ule wa kiwanja cha Kisesa. Kaka mkubwa ameandika kwa herufi kubwa: "GARI LINAWAKA, UNALICHINJAJE?" Shangazi kauliza kama nimefukuzwa kazi. Binamu wa Igoma, kama kawaida yake, kauliza kama nilisoma bismillahi kwanza :-)

Leo sijibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja ili kila mtu asome, maana jambo hili lina historia ndefu, na historia yenyewe inatuhusu sisi watoto wa mafundi kuliko mnavyodhani.

Kwanza tuelewane. Huku Uingereza kuna watu wanaojiundia magari yao wenyewe nyumbani. Karakana ndogo inakuuzia chasisi na bodi, basi. Injini, giaboksi, difu, usukani, breki, wayaringi na vinginevyo unatafuta mwenyewe, na njia rahisi ni kununua gari moja zima la zamani, ukalichinja, ukahamisha viungo vyake. Ni kama gari za mbao za Unguja: injini na chasisi vilitoka kiwandani, bodi ikatengenezwa na fundi seremala wa hapohapo. Kwa hiyo neno "kuchinja" sikulitoa huku, nililitoa nyumbani, kwenye gereji ya baba mdogo. Wazungu wao husema gari hilo "limechangia", kama mtu aliyetoa damu hospitali. Sisi tumesema ukweli zaidi.

Sasa swali la kaka: unachaguaje la kuchinja? Ukifuatilia miaka sabini na kitu ya mchezo huu utaona kwamba anayechagua si fundi peke yake. Kodi inachagua, kutu inachagua, sheria nayo inachagua.

Tuanze na Austin 7. Hiki kilikuwa kigari kidogo cha watu wa kawaida, kikitengenezwa Longbridge, Birmingham, toka 1922 hadi 1939, na magari karibu 290,000 yalitoka. Injini yake ilikuwa na sisi 747 tu, pikipiki nyingi za leo zinaishinda. Chasisi yake ilikuwa na umbo kama la herufi A, nyepesi, na bodi unaifungua ukaiweka kando. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, kwa hiyo magari mapya mengi yalipelekwa nje, na mwananchi alisubiri miaka kupata lake. Petroli yenyewe ilitolewa kwa mgawo hadi Mei 1950. Vijana waliorudi toka jeshini wakiwa wamejua kushika spana walikuta Austin 7 kuukuu zimejaa nyuma ya nyumba za watu. Wakazivua bodi, wakajenga nyingine nyepesi, wakaenda kushindana.

Mmoja wao alikuwa Colin Chapman, mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha University College London. Mwaka 1948 alikuwa anaunda gari lake la kwanza kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, kaskazini mwa London. Msingi wake ulikuwa Austin 7 kuukuu, na bodi aliijenga kwa plaiwudi. Ndiyo, plaiwudi. Gari hilo ndilo Lotus ya kwanza. Kampuni ya Lotus ilianzishwa mwaka 1952, na timu yake ikaja kuchukua ubingwa wa dunia wa Formula One mara kadhaa. Yote yalianzia kwenye gari la kuchinja.

Halafu ikaja kodi. Toka mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilikuwa na kodi ya manunuzi kwenye bidhaa walizoziona si za lazima. Mwaka 1955 kodi hiyo kwenye magari mapya ilifika 60%. Lakini sheria ilikuwa na upenyo: ukinunua gari zima unalipa, ukinunua vipande ukaunganisha mwenyewe hulipi. Chapman aliuona upenyo huo mapema. Lotus Mark VI, aliyoanza kuiuza mwaka 1952, mteja aliletewa chasisi ya mabomba membamba, naye akaenda kumchinja Ford kuukuu apate injini, giaboksi na ekseli. Mwaka 1957 ikafuata Lotus Seven, gari ambalo umbo lake linaigwa mpaka leo, na hata langu litafanana nalo.

Kuna hadithi moja inayosimuliwa sana kwenye mikutano ya wajenzi. Wanasema watu wa kodi walikataza vipande kuuzwa pamoja na maelekezo ya kuunganisha, wakiona kuwa hapo gari limeshakuwa gari zima. Basi Lotus wakatoa maelekezo ya KUFUNGUA gari, mteja akayasoma toka mwisho kwenda mwanzo. Kila nikisikia hadithi hii namkumbuka baba mdogo, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha. Hakuwahi kutupa kitabu. Alikuwa anafungua kabureta mbele yetu, anapanga kila kipande kwenye gunia kwa mstari, halafu anasema: "Haya, rudini mlikotoka."

Miaka ya 1950 faibaglasi nayo ikaingia. Zamani bodi ilihitaji mtu wa kugonga bati, sasa mtu mwenye kalibu moja angeweza kutoa bodi nyingi za umbo moja. Karakana ndogondogo zikaota kama uyoga, zikiuza maganda ya gari la mashindano ya kufunika chasisi ya Ford ya miaka ya 1930 au Austin 7. Ukitazama kwa mbali unaona gari la tajiri. Ukiwasha unasikia babu anakohoa.

Mwaka 1960 sheria nyingine ikaongeza idadi ya magari ya kuchinja bila kukusudia. Ulianza mtihani wa usalama wa kila mwaka unaoitwa MOT, kwanza kwa magari yaliyofikisha miaka kumi, na kufikia 1967 ukashuka hadi miaka mitatu. Uingereza ni nchi ya mvua, na wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isigande. Chumvi hiyo inakula bati kama mchwa. Gari likawa na injini nzima kabisa, lakini limefeli mtihani kwa sababu sakafu imetoboka. Hapo ndipo mjue tofauti ya huku na nyumbani. Kwetu injini hufa kwanza, bodi ikabaki inasubiri injini nyingine. Huku bodi hufa kwanza, injini ikabaki yatima.

Lakini lilikuja tatizo. Magari mapya ya miaka hiyo mengi hayakuwa tena na chasisi ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo chasisi. Ukiikata umeua kila kitu. Kwa hiyo wajenzi wakayasaka yale machache yaliyobaki na mfumo wa zamani. Hapa Coventry kiwanda cha Canley kilikuwa kinatoa Triumph Herald, toka 1959 hadi 1971, yenye chasisi yake ya pekee. Kulikuwa na Volkswagen ya duara, ambayo bodi yake imefungwa kwa boliti kwenye sakafu, ukizifungua unainyanyua kama kifuniko cha sufuria. Kule California, mwaka 1964, Bruce Meyers alitengeneza kigari cha faibaglasi cha kuchezea mchangani. Wajenzi walichukua Volkswagen, wakaikata sakafu karibu sentimita 36, wakaiunga tena ikiwa fupi, wakaweka ganda juu. Mwaka 1967 kigari hicho kilishinda mbio za kwanza za jangwani za Baja, Mexico, na baada ya hapo kila mtu akaiga.

Na kulikuwa na Mini. Hii haikuwa na chasisi, ila injini, giaboksi na magurudumu ya mbele vyote vimekaa kwenye fremu moja inayotoka kwa pamoja. Mini Marcos, ganda la faibaglasi lililobeba viungo vya Mini, lilipelekwa Le Mans mwaka 1966. Wafaransa walilicheka. Likamaliza la 15, na ndilo gari pekee la Kiingereza lililomaliza mbio zile.

Mwaka 1973 upenyo wa kodi ukazibwa. Kodi ya manunuzi ilifutwa Aprili mwaka huo na VAT ikaingia, ikatozwa kwa vipande kama kwa gari zima. Lotus walikuwa wameshachoka na Seven, wakaiachia Caterham, ambao wanaitengeneza mpaka leo. Karakana nyingi zilifunga. Ungetegemea mchezo ufe hapo, lakini haukufa, kwa sababu kumbe watu hawakuwa wanafuata kodi peke yake. Mtu anayelipwa mshahara wa kawaida alikuwa bado anataka gari la kumfurahisha, na njia ya kulipata ilikuwa bado ni spana.

Hapo ndipo lilipoingia gari ambalo wazee wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri: Ford Escort. Toleo la kwanza lilitoka 1968. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walilipitisha kwenye tope letu wakashinda East African Safari Rally, watu wa kwanza toka ng'ambo kushinda mbio zile. Mwaka 1977 Björn Waldegård akarudia na Escort ya toleo la pili. Huku Uingereza Escort lilikuwa gari la kila mtaa, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, vipuri rahisi, na kutu isiyo na huruma. Mwaka 1996 mwalimu mmoja wa shule, Ron Champion, akatoa kitabu cha kujiundia gari la michezo kwa pauni 250 tu. Kitabu kilikuwa na vipimo vya kukata mabomba ya chasisi, na viungo vyote vilitoka kwa Escort moja. Watu wasio na cheti chochote wakanunua mashine ya kuchomelea na kuanza.

Sasa tazameni kilichotokea. Escort zile zile zilizokuwa zinatupwa, leo bei yake haishikiki, wapenda rali wanazigombania. Hakuna mwenye akili timamu anayechinja Escort ya 1972 leo. Austin 7 nazo zilipitia njia hiyo hiyo. Nimejifunza kwamba gari la kuchinja lina dirisha lake la umri. Likiwa jipya ni ghali, likiwa kongwe sana linakuwa ghali tena. Katikati kuna miaka michache ambapo halina mwenyewe, na hapo ndipo unalipata. Baada ya Escort dirisha lilifunguka kwa Ford Sierra, iliyotengenezwa toka 1982 hadi 1993. Nayo imeshaadimika. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kutoa pauni 2,000, nusu yake toka kwa watengenezaji, kwa kila aliyeleta gari la zaidi ya miaka kumi livunjwe akanunua jipya. Mpango uliisha 2010, ukiwa umeondoa magari karibu 400,000 barabarani. Mengi yalikuwa yanatembea, kaka. Hayo ndiyo ya kulilia.

Ndiyo maana mimi nimeangukia Mazda MX-5. Ilitoka mwaka 1989, na mwaka 2016 walitoa ya milioni moja, kwa hiyo zipo nyingi. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, uzito ni karibu tani moja tu. Kutu inaishambulia mahali pamoja panapojulikana, kwenye vizingiti vya chini ya milango, mbele ya magurudumu ya nyuma. Yangu ni ya 1996, injini ya 1.8. Niliinunua kwa pauni 700 toka kwa mwenyewe, imefeli MOT, kizingiti unakiingiza bisibisi mpaka mpini. Fundi wa bati aliniambia gharama ya kuiponya ni zaidi ya mara tatu ya bei niliyonunulia. Injini kweli inawaka, kaka, inawaka vizuri sana. Kinachowaka ni moyo, mgongo umeshaoza.

Na kuhusu kuileta Mwanza: ina siti mbili, iko chini kiasi kwamba tuta la kwanza tu lingeibeba juujuu, na kwa umri wake ushuru wa uchakavu ungemmaliza aliyeipokea. Ingefika imebeba deni.

Sasa namna ya kuchinja, maana wengi wenu mmeomba.

Usikimbilie spana. Kwanza endesha gari, hata uwanjani tu. Sikiliza giaboksi, jaribu kila taa, kila swichi. Jambo usilolijua likiwa limefungwa hutalijua likiwa kwenye maboksi. Na maboksi huku nimeyabeba miaka mingi, safari hii angalau ni ya kwangu mwenyewe.

Pili, soma karatasi kabla ya kununua. Toka Oktoba 2017 magari yaliyopata ajali huku yanawekwa kwenye makundi ya herufi. Kundi A linasagwa lote. Kundi B unaruhusiwa kuchukua viungo lakini bodi lazima isagwe. S na N yanaweza kutengenezwa yakarudi barabarani. Tunza kadi ya gari na risiti zote, kwa sababu kwa muda mrefu utaratibu huku umekuwa hivi: ukithibitisha kuwa viungo vikubwa viwili vimetoka kwenye gari moja, gari lako jipya linaweza kupewa namba ya umri wa lile la zamani. Usipothibitisha, unapewa namba inayoanza na Q, na kila atakayeiona atajua gari lako halijulikani umri.

Tatu, zile nati kubwa za katikati ya magurudumu zilegeze gari likiwa bado limesimama chini kwa miguu yake, mtu amekanyaga breki. Ukishalinyanyua au kung'oa breki, utahangaika mpaka jioni.

Nne, chomoa betri, mwaga petroli, maji na oili kwenye vyombo vyake. Huku ukimwaga oili kwenye mtaro ni kosa la jinai. Halafu anza ndani: siti, mazulia, dashibodi. Wayaringi usikate hata uzi mmoja. Kila soketi bandika karatasi, andika inakokwenda, piga picha, ndipo uchomoe. Wayaringi nzima ikitoka inafanana na mti uliong'olewa na mizizi, na hiyo ndiyo roho ya kazi yote.

Tano, ekzosi, propela shafti, redieta, halafu injini. MX-5 ina fremu ndefu ya aluminiamu inayofunga giaboksi na difu pamoja kama uti wa mgongo. Mimi na jirani yangu, mzee wa miaka 74 aliyestaafu kiwanda cha magari, tulitoa injini na giaboksi kwa winchi kwa saa nne. Boliti za mikono ya magurudumu zilituchukua siku mbili. Mafuta ya kulegeza kutu, moto, nyundo, chai, halafu moto tena.

Sita, uza usichohitaji. Milango, taa, siti, paa gumu, vyote vimepata wenyewe, watu wanaoponya MX-5 zao. Nimerudisha pauni 520. Ganda lililobaki lilienda skrepa, na malipo yaliingia benki, kwa sababu toka sheria ilipobadilishwa skrepa hailipwi kwa fedha taslimu. Kwa hiyo injini, giaboksi, difu, breki, usukani na wayaringi vimenigharimu chini ya pauni 200, na gari hilo moja limeshaponya mengine matano.

Mbele yangu kuna mtihani. Toka 1998 kila gari la kujiundia linakaguliwa lenyewe kabla ya kupewa namba, na toka 2009 mtihani huo unaitwa IVA. Mkaguzi anapima breki, mikanda, moshi, hata kona za nje. Kona yoyote mtu anayoweza kugonga lazima iwe na mviringo wa angalau milimita 2.5. Wajenzi wengi wanaulalamikia. Mimi naupenda. Mtihani huo unasema hivi: wewe ambaye huna kiwanda, lete ulichounda tukipime, kikifaa tutakipa namba sawa na cha kiwanda.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo, ndugu zangu. Baba mdogo alichinja na kuunga magari miaka thelathini. Aliifunga injini ya lori kwenye Land Rover na ikatembea mpaka Kigoma. Tulimwita fundi wa chini ya mwembe, na tulisema kwa kudharau, mimi nikiwemo kwenye kucheka. Colin Chapman alifanya kazi ile ile kwenye gereji ya mkwe. Tofauti haikuwa mikono. Mmoja alikuta upenyo wa sheria, vitabu, klabu za mashindano, na baadaye waliomfuata wakapata mtihani wenye namba mwishoni. Mwingine alikuta mwembe.

Na dirisha linaendelea kusogea. Tayari huku kuna watu wanaochinja Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwaka 2010, wanahamishia mota na betri zake kwenye magari ya miaka ya 1960. MX-5 za kwanza zenyewe zimeanza kupanda bei. Kijana yeyote wa kwetu anayejifunza ufundi sasa hivi, mwambieni ajue mota ya umeme na betri kubwa, kwa sababu ndicho kitakachokuwa kimelala kwenye yadi atakapofikisha miaka thelathini.

Ombi moja. Nani ana picha ya ile Land Rover ya baba mdogo? Nadhani shangazi wa Nyegezi anayo kwenye albamu yenye jalada la kijani. Naomba ipigwe picha kwa simu nitumiwe, na aliyekuwepo siku ile ya safari ya Kigoma aniandikie alivyoifunga giaboksi. Nataka kuiweka hapa, kwa jina lake na mwaka wake, kama hawa wanavyowaweka wa kwao.

Wasalaam.